Dozi Tatu za Malaria Isiyokuwepo

Siku mjomba wangu alipodondoka bafuni, binti yake alikimbilia chumbani kutafuta kadi ya bima ya afya. Chini ya kitanda alikuta kopo la biskuti ambamo mzee huweka risiti za machungwa. Kadi haikuwemo. Kulikuwa na maboksi matatu ya mseto, dawa ya malaria, mawili matupu na la tatu likiwa na vidonge vinane. Kulikuwa na kipande cha diklofenaki kilichobaki kidonge kimoja. Na kulikuwa na karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne, imeandikwa kwa peni ya bluu: 178/104. Chini ya namba hizo mtu alikuwa ameandika, "Rudi kliniki ndani ya wiki moja." Karatasi ilikuwa ya mwezi Machi 2018. Siku ile ilikuwa mwanzo wa Oktoba.

Mjomba mwenyewe ameniruhusu niyasimulie haya, kwa sharti nisimtaje jina, na kwa sharti la pili kwamba nisijifanye mwerevu. Sharti hilo la pili ni la haki kabisa. Boksi la tatu lilinunuliwa kwa pesa yangu.

Mjomba anaishi Muheza, kule machungwa yanakotoka. Kazi yake ni kununua machungwa yakiwa bado mtini, kuyahesabu, kuyachumisha na kuyapakia kwenye malori ya Dar es Salaam na ya Kenya. Wakati huo alikuwa na miaka 58, mwili mnene kiasi, sauti kubwa, na hakuna aliyewahi kumwona amelala mchana. Mtu wa namna hiyo akikwambia anaumwa, unaamini. Akikuambia anaumwa nini, unaamini pia, na hapo ndipo tulipojikwaa sote.

Nianze na ile karatasi. Mwezi Machi wahudumu wa afya waliweka turubai karibu na soko, wakawa wanapima watu bure. Mjomba alikaa kwenye kiti kile kwa utani tu, kwa sababu mwenzake alimwambia anaogopa. Alipoambiwa presha yake ni 178 kwa 104 alijibu kwamba haumwi popote, kwamba ametembea juani, na kwamba mashine za bure ni za bure. Nesi hakubishana naye. Alimweleza kuwa kipimo cha mara moja hakitoshi kumwita mtu mgonjwa wa presha, ndiyo maana anatakiwa arudi kupimwa siku nyingine akiwa ametulia. Mjomba akasikia ile nusu ya kwanza tu: kipimo cha mara moja hakitoshi. Akaikunja karatasi.

Mwezi Mei kichwa kikaanza. Kilikuwa kinamuuma kisogoni, asubuhi anapoamka, na kufikia saa tano au saa sita mchana kinaachia. Hakuwa na joto, hakutetemeka, na chakula alikula kama kawaida. Nawaombeni mtulie kidogo hapa, kwa sababu mwili ulikuwa ukisema kwa lugha nyepesi. Malaria huja na homa, baridi, viungo kuuma, mara nyingi na kutapika. Kichwa kinachoamka na mtu kila siku na kumwacha mchana, bila homa hata chembe, kina jambo jingine la kusema. Lakini mjomba alitamka neno ambalo mimi na wewe tungelitamka: "Nina malaria." Akaenda duka la dawa, akaeleza kuwa ana malaria, akauziwa mseto. Muuzaji hakuuliza, na mnunuzi hakutaka kuulizwa.

Kilichotuponza zaidi ni kwamba alipata nafuu. Kwa siku tatu za dozi alipumzika, hakuzunguka mashambani, alilala mapema, na alimeza dawa ya maumivu. Kichwa kikatulia, na mseto ukapata sifa ya kazi ambayo haukuifanya. Tangu siku hiyo kila kichwa kilipouma, ushahidi ulikuwa tayari: si mara ile nilimeza nikapona?

Mwezi Julai kikarudi, safari hii na vitu vingine. Alikuwa anaona vimulimuli machoni. Alipopanda kile kilima kidogo cha kwenda nyumbani alisimama mara mbili kuvuta pumzi. Usiku aliamka mara tatu kwenda kukojoa. Mkaza mjomba alimshurutisha, wakaenda zahanati. Wakampima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni. Hakuna malaria. Mashine ya presha siku hiyo haikuwa na betri. Mjomba alitoka pale akiwa na maelezo yake mwenyewe: malaria imejificha, kipimo hakiioni. Akapitia dukani akanunua boksi la pili.

Hii habari ya malaria kujificha nimeisikia tangu utoto, na kwa miaka mingi nimeisema mimi pia. Baadaye nilimuuliza daktari. Akaniambia kuna aina tano za vimelea vya malaria vinavyompata binadamu. Mbili kati ya hizo, vivaksi na ovale, kweli huweza kulala kwenye ini na kuamka miezi kadhaa baadaye. Lakini ile inayotawala kwetu, falsiparamu, ambayo ndiyo inayoua zaidi, haina tabia ya kulala ini. Ikiwa imekuangusha kitandani, kwa kawaida iko kwenye damu na kipimo huiona. Kipimo kikisema hakuna na wewe bado unaumwa, swali la kuuliza ni: basi ni nini? Sisi hatukuuliza. Tulikuwa kama mtu aliyeambiwa mwizi hayumo chumbani, akafunga mlango na kwenda kulala, bila kujiuliza kelele zinatoka wapi.

Kisha ikaja ile wiki ya mwisho ya Septemba. Mjomba alikuwa anakunywa chai, kikombe kikamponyoka. Mkono wa kulia ulikuwa umekufa ganzi, na maneno yalimtoka kwa tabu. Dakika kumi baadaye kila kitu kilikuwa sawa. Wajukuu walicheka, yeye mwenyewe akacheka, mkaza mjomba akafuta chai mezani. Daktari alipokuja kusikia habari hii alishika paji la uso. Hicho kilikuwa kiharusi cha kupita, mshipa wa ubongo uliokosa damu kwa muda kisha ukapata. Mtu wa namna hiyo hupelekwa hospitali siku ileile, hata kama amekwisha kurudi kwenye hali yake, kwa sababu kiharusi chenyewe huweza kufuata ndani ya siku chache. Ganzi ya dakika kumi ndiyo iliyopiga kelele kuliko zote, na ndiyo tuliyoicheka.

Jumamosi iliyofuata mchana alinipigia simu. "Mjomba," aliniita, maana ndivyo tunavyoitana, "malaria safari hii imenipanda kichwani." Nilimtumia shilingi elfu kumi na tano papo hapo. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesoma, "Meza dozi yote, usikatishe katikati." Nilijisikia mpwa mwema. Jumatatu alfajiri, baada ya kumeza vidonge kumi na sita kati ya ishirini na vinne, alidondoka bafuni.

Nimejiuliza sana kwa nini sikuuliza hata swali moja. Je, una homa? Umepimwa? Nadhani jibu limo katika maisha yetu. Sisi tuliokulia ukanda ule tumezika watu kwa malaria na tumeponywa malaria. Tulimeza klorokwini, tukajikuna usiku kucha. Mwaka 2001 serikali ikatuletea dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuleta mseto, kwa kuwa vimelea vilikuwa vimezoea dawa za zamani. Miaka ile wahudumu wenyewe walitufundisha kwamba homa, hasa ya mtoto, itibiwe kama malaria bila kungoja, maana vipimo vilikuwa haba na kaburi lilikuwa karibu. Ushauri ule uliokoa watu. Lakini mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili maneno: apimwe kwanza, ndipo atibiwe. Maneno ya awali yalikwisha kuingia kwenye mifupa yetu. Hatusemi "naumwa", tunasema "nina malaria", hata kama ni uchovu wa safari.

Wakati huohuo malaria yenyewe ilikuwa inapungua. Vyandarua vyenye dawa, vipimo na mseto vilifanya kazi. Katika tafiti za kitaifa za Tanzania, watoto wadogo waliokutwa na vimelea walikuwa kama asilimia 18 mwaka 2008, na kufikia 2022 walikuwa asilimia 8. Kuna utafiti mmoja wa Moshi ambao hunirudia kichwani kila mara. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa mwaka 2007 na 2008. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Waliokuwa na malaria iliyowaletea homa ile walikuwa 14. Na hao walikuwa na homa, tena walikuwa hospitalini. Mjomba wangu hakuwa hata na homa, na daktari wake alikuwa yeye mwenyewe akisaidiwa na mimi kwa simu.

Nirudi bafuni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, mkono na mguu wa kulia haviinuki, na badala ya maneno ilitoka sauti tu. Jirani mmoja mwenye huruma alikuja mbio na aspirini. Mwingine akasema awekewe kidonge cha presha chini ya ulimi. Wa tatu akataka apewe maji ya chumvi. Binti yake, ambaye sitaacha kumshukuru, aliwakatalia wote watatu, akatafuta gari. Baadaye tuliambiwa kila kimoja kingeweza kummaliza. Kiharusi kipo cha aina mbili: mshipa kuziba na mshipa kupasuka. Aspirini kwa aliyepasuka mshipa ni kuongeza damu inayovuja, na hakuna jicho la jirani linaloweza kutofautisha. Kuishusha presha ghafla kunaweza kuunyima ubongo damu iliyobaki. Na mtu asiyeweza kumeza, ukimtia kitu mdomoni kinakwenda mapafuni. Msaada ni mmoja: mlaze kwa ubavu kama amezimia, kumbuka saa ilipoanza, mkimbize.

Hospitali presha ilikuwa 220 kwa 130. Picha ya kichwa ikaonyesha damu imevuja upande wa kushoto wa ubongo. Daktari akatugeukia, akauliza kwa upole, "Kwa kawaida presha yake huwa ngapi?" Tulikuwa watu sita pale. Tulijua bei ya machungwa kwa kila mji, tulijua deni la lori, tulijua timu yake. Hakuna aliyejibu. Ndipo binti akaitoa ile karatasi.

Katika siku za kungoja, daktari yule alikuwa akipata nafasi anatueleza, nasi tukisikiliza kama wanafunzi waliochelewa shule. Presha, alisema, ni nguvu ya damu inayosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika. Nzuri ni chini ya 120 kwa 80. Ikipimwa siku tofauti ikawa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni presha ya kupanda. Kwa walio wengi, tisa kati ya kumi na zaidi, hakuna chanzo kimoja unachoweza kukinyooshea kidole: ni urithi, umri, chumvi nyingi, unene, pombe, kukaa bila mazoezi, vyote vikishikana mikono. Sigara nayo huiharibu mishipa ileile inayosukumwa. Kwa wachache presha ni mtoto wa ugonjwa mwingine, hasa figo, au tezi zinazomwaga homoni kupita kiasi. Na wengine huiletewa na dawa.

Aliposema dawa, mkaza mjomba akauliza ni dawa gani. Daktari akataja vidonge fulani vya uzazi wa mpango, kisha akataja dawa za maumivu za kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Hizi huufanya mwili ushike chumvi na maji, na presha hupanda. Tukatazamana. Mzee alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku tangu Mei, kwa ajili ya kichwa.

Urithi nao tulikuwa nao. Bibi yetu, mama yake mjomba, alianguka shambani mwaka mmoja wa utoto wangu, upande mmoja ukafa, na watu wazima wakasema amepigwa na kitu kibaya njiani. Wakaitwa wataalamu, ubani ukachomwa. Sisemi hivyo kwa dharau, kwa maana hata jina kiharusi wazee wa pwani walilihusisha na pepo. Nasema tu kwamba kisa cha mjomba kilikwisha kutokea nyumbani mwetu, na kwa kuwa kilipewa jina jingine hatukukitambua kiliporudi. Na chumvi? Nani wa upande wetu anayejiona amekula kabla ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, haijapita mezani? Shirika la Afya Duniani linasema chumvi yote ya mtu mzima kwa siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kipande kimoja cha ng'onda na kachumbari yake, umekwisha kukaribia.

Kuna jambo ambalo lilinifariji kidogo na kunitisha zaidi. Nilidhani presha huwapiga watu wasio na daktari. Kumbe Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani wakati wa vita vya pili vya dunia, alikuwa na daktari wake Ikulu aliyemwona karibu kila siku. Daktari yule alikuwa bingwa wa pua na koo. Presha ya Rais iliongezeka mwaka hadi mwaka, na watu wakaelezwa kuwa afya yake ni njema kwa umri wake. Machi 1944 daktari kijana wa moyo, Howard Bruenn, alimpima akakuta 186 kwa 108 na moyo umekwisha kuchoka. Tarehe 12 Aprili 1945, akiwa na miaka 63, Roosevelt alilalamika maumivu makali nyuma ya kichwa, akazimia. Ilipopimwa ilikuwa 300 kwa 190. Alikufa siku ileile. Lakini mwenzetu yule ana udhuru: siku zile dawa ya maana ya presha haikuwepo. Leo vidonge vinauzwa, na vingi si ghali kuliko mseto nilioulipia.

Mjomba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu akiwa na vidonge vya aina mbili: amlodipini, inayolegeza mishipa, na kingine cha kupunguza maji na chumvi mwilini. Zipo na nyingine, kama losatani na enalapili, na daktari huchagua kwa kutazama umri, figo na magonjwa mengine ya mtu. Hivi viwili vya mwisho havifai kabisa kwa mjamzito. Na nikigusa wajawazito siwezi kupita haraka. Mama mwenye mimba ya zaidi ya miezi mitano akiumwa kichwa, akiona vimulimuli, akavimba uso na mikono, msimpe mseto mkalala. Hiyo inaweza kuwa presha ya mimba, na mwisho wake unaweza kuwa kifafa cha mimba, ambacho watu wengi hukiita malaria ya kichwani hadi wanapompoteza mama na mtoto. Apimwe presha na mkojo, na apimwe malaria pia, kwa sababu mimba huvutia yote mawili.

Mwezi Januari mjomba akaacha vidonge. Alikuwa ameanza kutembea na fimbo, maneno yamerudi nusu, na presha ilikuwa imeshuka hadi 132 kwa 84. Akasema amepona, vya nini tena? Hapa nilimwelewa kuliko alivyofikiri. Tumezoea dawa zenye mwisho: siku tatu, siku saba, boksi likiisha ugonjwa umeisha. Akili iliyolelewa na malaria haiwezi kukubali upesi dawa ya kila siku kwa ugonjwa usiouma. Nesi wa kliniki alimwambia maneno yaliyomwingia: "Baba, presha imeshuka kwa sababu unameza. Ukimtoa mlinzi kwa kuwa hujaibiwa, utaibiwa." Akarudi kwenye vidonge, akinung'unika.

Ningemalizia hapa kama tungekuwa tumejifunza. Hatukuwa tumejifunza, tulikuwa tumebadilisha jina tu. Juni 2019, masika yamepita na madimbwi yamejaa, mjomba aliamka na kichwa. Safari hii nyumba nzima ilipiga kelele: presha! Mkaza mjomba akampa vidonge vyake mara mbili kwa siku ile. Jioni akawa anatetemeka chini ya mablanketi mawili, akatapika, mwili unawaka. Wakasema presha imepanda sana, kesho yake wakampa tena mara mbili. Alipojaribu kusimama akaanguka.

Kwenye kituo cha afya presha ilikuwa 94 kwa 58. Joto lilikuwa nyuzi 39 na zaidi. Mtu anayetapika na kutoka jasho amepoteza maji, presha yake inashuka yenyewe, na wao walikuwa wakiishusha zaidi kwa mikono yao. Kipimo cha kidole kikatoa mistari miwili. Malaria, tena ya kweli.

Ndipo nikaona tofauti ambayo ingetuokoa mwaka uliotangulia. Mbu jike aina ya anofelesi huuma usiku, vimelea huingia kwenye ini, hukaa kimya wiki moja au mbili, kisha hutoka na kuvamia chembe nyekundu za damu. Chembe hizo zinapopasuka ndipo mtu hutetemeka na kuungua. Ikiwa anaweza kumeza na akili iko sawa, hiyo ni malaria isiyo kali, na mseto unatosha: kwa mtu mzima vidonge vinne, vinne tena baada ya saa nane, kisha vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila mara na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, maana bila mafuta dawa haiingii vizuri mwilini. Akianza kuchanganyikiwa, degedege, kuhema haraka, macho ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au kuishiwa damu, hiyo ni malaria kali. Mseto wa kumeza hautoshi. Anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini, ya kwanza mara tu anapofika, ya pili baada ya saa kumi na mbili, ya tatu baada ya saa ishirini na nne, na baadaye ndipo amalizie na mseto kamili.

Mjomba aliwekewa maji, akasimamishiwa vidonge vya presha kwa siku mbili kwa maelekezo ya daktari, akameza mseto wake na uji wa nazi. Siku ya tatu homa ilikuwa imekwisha. Alinitumia ujumbe kwa simu, ameuandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto: "Hii ndiyo malaria, mjomba. Zile nyingine sijui nilikuwa natibu nini."

Baada ya hapo mkaza mjomba aliuza kuku watano akanunua mashine ya presha na kipimajoto, na akaanzisha daftari. Ana ukali wa mwalimu. Kabla ya kupima unakaa dakika tano, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na huongei. Kama umetoka kunywa kahawa au kuvuta sigara unangoja nusu saa. Anapima mara mbili, anaandika zote mbili na tarehe. Kichwa kikiuma, anaweka kwanza kipimajoto. Kama kuna homa, ni kwenda kupima damu. Kama hakuna homa, ni mashine ya mkono. Dukani haendi mtu mpaka daftari limeandikwa.

Krismasi ile nilikwenda kuwasalimu. Sikuwa na kichwa, sikuwa na kizunguzungu, nilikuwa nimeendesha gari tangu alfajiri na nikajiona mzima. Nilipomaliza kula aliniambia, "Leta mkono, mwanangu." Nikasema nimechoka na safari. Nikasema nimetoka kula. Nikasema mashine hizi za nyumbani wakati mwingine zinadanganya. Mjomba alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake, akanitazama kwa ule upande wa uso unaocheka, na sikuweza kuendelea. Nikakaa dakika tano bila kuongea.

Ilikuwa 152 kwa 96, na ya pili 148 kwa 94. Mkaza mjomba aliziandika zote, akachana kipande cha karatasi, akanakili namba, akanipa. Nikaikunja mara moja. Nilipotaka kuikunja mara ya pili, mjomba akanyoosha mkono wake wa kushoto, akaichukua, akaifungua, akanirudishia.